Viputo vya Sabuni na Swali la Mjukuu



Likizo ya Agosti nilipanda Meru, kwa kupitia Embu, kumzuru binti yangu aliyeolewa huko. Baridi ya milimani sisi watu wa pwani twaijua kwa kuisikia tu. Asubuhi ile nimejifunika shuka barazani, na wajukuu wamekata mabua ya majani ya mpapai, wanapuliza viputo vya sabuni. Mmoja, binti wa miaka tisa, akanijia: “Babu, mbona kila kiputo hutoka mviringo kama mpira? Nimekunja waya wa pembe nne, nacho kimetoka vilevile.”

Sikuwa na jibu. Nikasema, “Mungu ndivyo alivyoumba, nenda kacheze.” Akaenda. Siku ya pili hakuniuliza kitu, wala ya tatu. Hapo nikajua nimelitumia jina la Mola kufunikia ujinga wangu.

Mkwe wangu husomesha sayansi. Nikamwomba anifundishe, na mtoto awepo. Kumbe utando wa kiputo ni maji membamba yaliyo kati ya tabaka mbili za sabuni, nao hujivuta daima upate kuwa mdogo kadiri iwezekanavyo. Na hakuna umbo lizingiralo hewa kwa eneo dogo kuliko tufe.

Akatuonyesha. Alifunga uzi toka ukingo hadi ukingo wa pete ya waya, katikati akaacha kitanzi kilicholegea, akachovya vyote. Kisha akamwambia mtoto atoboe kwa kidole kikavu utando wa ndani ya kitanzi. Uzi uliolegea ukaruka ukawa duara kamili! Mtoto alipiga kelele. Mimi pia, nikiri. Kidole kilicholowa maji ya sabuni, kwa upande wake, hupenya utando bila ya kuupasua.

Mkijaribu nyumbani, kikombe cha maji, vijiko viwili vya sabuni ya maji ya vyombo, na kijiko cha sukari ili maji yasikauke upesi. (Kina mama, kijiko kimoja tu, msinilaumu.) Watoto wasijipake machoni. Wapulize asubuhi kukiwa na ubaridi, kisha adhuhuri juani, wahesabu ni wakati gani viputo hudumu zaidi.

Ama rangi zile, ni nuru irudiyo kutoka nyuso mbili za utando. Zikikutana, rangi nyingine huzidi nguvu na nyingine hufutana. Kamal al-Din al-Farisi, aliyeendeleza kazi ya Ibn al-Haytham, alijaza maji katika tufe la kioo mwanzoni mwa karne ya 14 ili auelewe upinde wa mvua. Sababu ya rangi zake si hii ya kiputo, lakini naye alianza kwa kushika kitu mkononi na kukitazama.

Jioni mtoto alinirudia na pete yake kaisimamisha wima. “Babu, mbona huku juu panakuwa peusi kabla haijapasuka?”

Tukaenda pamoja kumwuliza baba yake.