Kabla hujampeleka mbwa wako ushago, mpeleke kwa daktari

Likizo ikikaribia, simu zetu hujaa picha za mbwa. Mbwa katoa kichwa dirishani mwa gari, masikio yanapepea. Mbwa katikati ya majani chai kule Tigoni. Mbwa kavalishwa miwani ya jua, na mwenyewe kaandika, "Likizo na mtoto wangu." Unamgeukia wa kwako, aliyelala mlangoni mwa bedsita yako, unajisemea: naye anastahili kuona nyasi.

Anastahili kweli, hapo sibishi. Lakini nisikilize kwanza, kwa sababu mimi nilijifunza kwa aibu.

Disemba iliyopita nilimbeba Chapo hadi ushago, Kinangop. Safari yenyewe ilikuwa noma. Makanga wawili walinikatalia kabisa, wa tatu akanilipisha viti viwili. Sikujali. Kichwani nilishapanga picha: Chapo, ukungu, milima ya Aberdare nyuma yake.

Tulipofika nikamfungua kamba. Si ushago kuna nafasi? Dakika kumi hazikuisha, akawa katikati ya kondoo wa jirani ya shosh. Chapo amekulia ghorofa ya tatu, hajawahi kuona kondoo. Kwake ule ulikuwa mchezo. Mvulana aliyekuwa akiwachunga, wa miaka tisa hivi, akajaribu kumzuia. Akaumwa mkono.

Jeraha lilikuwa dogo. Swali ndilo lilikuwa kubwa. Babake aliniuliza polepole, "Mbwa wako amechanjwa?"

Nikajibu, "Nadhani."

Nadhani! Nilikuwa nimemfungulia Chapo akaunti ya Instagram yenye wafuasi wengi kuliko yangu, lakini cheti cha chanjo sikuwa nacho.

Kama ulikuwa hujui, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Visa vingi mno hutokana na kuumwa na mbwa, na watoto ndio huumia zaidi. Kuzuia kunawezekana, mradi usichelewe: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbilia chanjo. Ya sabuni alijua shosh. Mimi niliyejiita mzazi wa mbwa sikujua.

Hospitali ya kwanza haikuwa na chanjo. Tukapanda boda hadi mji mwingine, na doo zote za likizo zikaishia huko. Kisha zikaja siku 10 za kumfunga Chapo na kumtazama kama ataugua. Kila asubuhi baba wa yule mvulana alikuja uani, akamsalimia shosh, akamwangalia mbwa, akaondoka. Hakunitusi hata siku moja. Afadhali angenitusi.

Chapo hakuugua. Mvulana alimaliza sindano zake na yuko salama. Lakini tangu hapo nimeacha kuuita ushago uwanja wa kuchezea. Sisi tunaenda kupumzika mahali ambapo watu wako kazini. Wale kondoo ni karo ya Januari. Tunapenda kusema watu wa ushago hawapendi mbwa kwa sababu hawawalazi kitandani. Mbwa wa shosh analala nje, ndiyo, lakini anajua kondoo si wa kukimbizwa. Kati yake na Chapo, ni nani aliyefunzwa adabu?

Hata mbuga za kitaifa zikikukataza kuingia na mbwa, usidhani ni roho mbaya. Hell's Gate unaweza kuendesha baiskeli na kutembea kwa miguu, lakini mbwa anabaki nje. Mwaka wa 1994, ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya karibu. Mnyama wako mpole anaweza kubeba kitu kinachoua simba.

Sasa, sisemi umfungie ndani. Anza karibu. Karura mbwa wanaruhusiwa ukiwafunga kamba, na hapo atazoea watu, baiskeli na harufu ngeni. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki kadhaa kabla ya safari, si jioni ya kuamkia safari, maana chanjo huchukua muda kufanya kazi. Ya kichaa cha mbwa hurudiwa, kwa hivyo angalia tarehe. Kama mfuko umetoboka, tega sikio karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwani kaunti nyingi huandaa chanjo za bure. Kisha piga simu ushago uulize kama mbwa anakaribishwa. Ukifika, kamba isitoke mkononi mpaka wenyeji wakwambie.

Najua utasema hizi ni sheria nyingi kwa safari ya siku mbili. Nilisema hivyo pia, hadi nilipomwona mtoto wa watu akinyoosha mkono adungwe kwa sababu yangu.

Mwaka huu tunarudi. Shosh anasema yule mvulana ameuliza Chapo anakuja lini. Kamba nimenunua mpya, na cheti kiko kwenye mkoba. Cha mbwa wako kiko wapi?