Mama akitoa wazo la duka, asikilizwe

Katika maduka mengi ya familia Kasulu na Kibondo, anayesimama kaunta kutwa ni mama. Ndiye anayejua mteja yupi ameacha kuja, nani anataka unga wa muhogo wa kupimiwa badala ya mfuko mzima, na kitenge kipi kinashikwashikwa kisha kinarudishwa. Jioni mipango ikipangwa, mara nyingi huambiwa: "Wewe uza tu." Hasara ya kauli hiyo huilipa familia nzima, na ada ya mtoto imo humo.

Anayedhani kuvuta watu ni kazi ya waliosomea biashara amkumbuke Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 TANU ilikuwa changa na ilihitaji wanawake. Bibi Titi, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba jijini Dar es Salaam, akapewa kazi ya kuwaongoza. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, maana huko wanawake walikuwa wamekwisha kukusanyika na kuaminiana. Kiongozi akikubali, wenzake hufuata. Kufikia Oktoba mwaka huo, wanawake zaidi ya 5,000 walikuwa wamejiunga. Wengi wa wanawake wale wa TANU walikuwa wachuuzi wa maandazi, vitumbua, samaki na pombe. Kuzungumza na watu ilikuwa kazi yao ya kila siku.

Uingereza nako, wanawake waliodai haki ya kura walijichagulia rangi mwaka 1908: zambarau, nyeupe na kijani. Maduka ya London yakauza kofia na mikanda ya rangi hizo. Aliyevaa alitambulikana njiani kabla hajafungua kinywa.

Mbinu hizo hazihitaji mtaji mkubwa. Kikundi cha kuweka na kukopa hukutana kila wiki. Mama aombe ruhusa kwa mwenyekiti wake, apeleke vitenge viwili vitatu wavione baada ya kikao. Duka lichague rangi moja, mlango na kibao vipakwe hiyo, hata mtoto anayetumwa chumvi asipotee. Asali iwe na kijiko cha kuonjea. Mteja aliyejifungua apewe hongera na kipande cha sabuni. Nyimbo na kicheko dukani si utoto. Mtu hurudi alikochangamkiwa.

Bashasha, hata hivyo, haifichi mizani mbovu. Wala isigeuke kukopesha kila anayecheka vizuri. Mkopo uandikwe daftarini, jina na tarehe, na uwe na kikomo ambacho baba na mama wamekubaliana.

Baba mwenye wasiwasi ana njia rahisi ya kupima. Wakubaliane wazo moja, kiasi kidogo cha fedha na muda wa mwezi mmoja. Mauzo yaandikwe kila jioni, mwisho wa mwezi wote wawili wasome daftari. Wazo likifaulu, liendelee. Lisipofaulu, waache bila kulaumiana, wajaribu jingine.

Watoto nao wako hapo nyuma ya kaunta, wanafanya kazi za shule. Binti anayeona wazo la mama yake likipimwa kwa hesabu, na si kwa dharau, atajua kuwa na lake lina thamani. Kijana wa kiume atajua namna ya kumsikiliza mkewe kesho.