Dawa za Ukimwi zipo, lakini nani atatibu moyo?

KWA miaka mingi, Kenya imepima ufanisi wa vita dhidi ya Ukimwi kwa idadi ya watu wanaomeza dawa. Kipimo hicho kimeokoa maisha, lakini kimeficha donda jingine: mateso ya akili ya wale wanaozimeza.

Rais Daniel arap Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, kupatikana na virusi kulichukuliwa kuwa hukumu ya kifo. Mwaka wa 2006, dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Leo, anayezimeza ipasavyo anaweza kuishi miaka mingi, na virusi visipoonekana katika vipimo, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya ngono.

Hata hivyo, mzigo wote umo katika neno hilo "ipasavyo". Dawa humezwa kila siku, maisha yote. Mke anayemficha mumewe chupa ya dawa kwa hofu ya kufukuzwa, au mwanafunzi wa bweni aliyezaliwa na virusi na anayechelea kuchekwa na wenzake, huanza kwa kukosa siku moja, kisha wiki nzima. Virusi huongezeka na vinaweza kuwa sugu.

Hivyo basi, huzuni isiyotibiwa huishia kuwa gharama kwa hospitali ile ile iliyoipuuza.

Sheria ya Ukimwi ya 2006 inataka anayepimwa apewe ushauri nasaha kabla na baada ya kupimwa. Lakini majonzi hayaishi siku ya majibu. Huzuka upya mtu anapotaka kuoa, anapopata mimba au anapofiwa na mwenzi.

Pengo hilo lilizibwa kwa kiasi kikubwa na watu wanaoishi na virusi, waliofunzwa kuwashauri wenzao. Wengi wao walilipwa na wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, mjadala ulijikita katika akiba ya dawa, huku washauri wengi wakirudi nyumbani bila kelele.

Wapo watakaosema taifa lenye uhaba wa madaktari wa akili haliwezi kumudu huduma hiyo. Zimbabwe imeonyesha kinyume. Tangu 2006, akina nyanya waliofunzwa jijini Harare wamekuwa wakiwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016, ambapo zaidi ya theluthi moja ya walioshiriki waliishi na virusi, ulionyesha kuwa dalili za msongo zilipungua sana miezi sita baadaye.

Kenya haina upungufu wa sheria. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yalizipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo. Kinachokosekana ni fungu la fedha katika bajeti.

Kaunti zinaweza kuanza kwa kuwalipa washauri waliokwisha kupata mafunzo, na kuhakikisha kila anayefika kuchukua dawa anaulizwa pia kuhusu usingizi wake, hofu zake na hali ya nyumbani.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ufa huu umo akilini mwa mgonjwa, na ukuta utakaojengwa baadaye ni wa wodi ambayo ingeweza kuepukwa.