Kafyu ya Saa Moja: Mbona Migori na Homa Bay Waliskiza Serikali na Sikio Moja?

Mnakumbuka ile stori ya jeneza? Aprili 2020, Nairobi imefungwa, hakuna kutoka, hakuna kuingia. Kuna wasee wakapanga safari ya kwenda Homa Bay, kama kilomita 370 hivi, wakiwa na jeneza kwa gari. Kila kizuizi wakifika, karao anaona jeneza, anatoa pole, anafungua njia. Kumbe ndani hakuna mtu. Jeneza tupu! Waziri wa Afya Mutahi Kagwe ndiye alitangazia nchi hiyo maneno, akaongeza kuwa dereva alipimwa akapatikana na corona. Waliosafiri wakapelekwa karantini.

Mtandaoni tulicheka mpaka mbavu zikauma. Memes zikatembea wiki nzima. Lakini ukituliza boli ucheki vizuri, hiyo stori si ya kuchekesha tu. Hao watu wangeweza kubeba barua feki ya daktari. Wangeweza kujificha kwa lori la mboga. Walichagua jeneza kwa sababu walijua kitu kimoja: ukienda upande wa ziwa, matanga ndiyo pasi ambayo hata polisi anaogopa kuuliza maswali mengi.

Sasa shika hiyo point, kwa sababu mwaka mmoja baadaye ndiyo inaeleza kila kitu kilichoendelea huku.

Tarehe 17 Juni 2021 serikali ilichora mstari kuzunguka kaunti 13 za ziwa na magharibi. Kisumu, Siaya, Busia, Vihiga, Kakamega, Bungoma, Trans Nzoia, Kisii, Nyamira, Kericho, Bomet, na bila shaka Homa Bay na Migori. Kafyu kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi asubuhi, hadi 31 Julai. Ibada za kukutana zilisimamishwa siku 30. Masoko yasiyouza chakula wala mifugo, siku 30 pia. Disco matanga, marufuku. Harusi watu 30. Mazishi watu 50, na marehemu azikwe ndani ya masaa 72. Na kama hukuwa na sababu ya maana, uliambiwa usiingie wala usitoke hiyo zone.

Sababu ilikuwa kirusi cha Delta, kile kile kilichochapa India mpaka oksijeni ikaisha hospitalini. Kiligunduliwa Kisumu mwezi wa Mei. Hiyo si propaganda.

Wakati huo ukitembea Migori mjini, Rongo, Oyugis, Mbita, Homa Bay stage, ungeskia watu wanajibu hilo agizo kwa njia tatu. Tuzichambue moja moja, kwa sababu kwa TV wote waliwekwa kapu moja: "wananchi wakaidi."

Jibu la kwanza: "Nyinyi ndio mlituletea"

Hili ndilo lilikuwa na kelele zaidi. Tarehe 1 Juni, Madaraka Dei ilifanyika Kisumu, pale uwanja mpya wa Mamboleo. Ndani ya uwanja watu walipangwa kwa umbali, viti vimeachana, barakoa ziko. Poa. Lakini nje? Msafara wa Rais ukipita, barabara zilijaa watu bega kwa bega, na wakubwa wakasimama juu ya magari wakawasalimia. Hakuna aliyewaambia warudi nyumbani. Siku 16 baadaye, hao hao wakubwa wakasema watu wa ziwa wamekusanyana sana.

Wasee waliuma. Na walikuwa na haki ya kuuma. Novemba 2020 serikali ilipiga marufuku mikutano ya siasa kwa siku 60, baada ya wanasiasa wa kila upande kujaza viwanja tangu barafu iyeyuke. Mwananchi akiona sheria inamfuata mama mboga lakini haimfuati mheshimiwa, anaamua hiyo si sheria ya afya, ni sheria ya kumkanyaga yeye.

Lakini hapa lazima tuambiane ukweli kama mabeshte. Unafiki wa mkubwa hauui kirusi. Kama mheshimiwa alikusanya watu vibaya, hiyo ni sababu ya kumpigia kelele, si sababu ya wewe kukusanya watu vibaya pia. Delta haiulizi nani alianza. Hasira ni halali, hesabu ndiyo mbovu.

Jibu la pili: "Nikikaa mbali, nitakula nini?"

Hili halikuwa na kelele, lakini ndilo lilikuwa zito.

Chukua mama wa omena pale Mbita. Omena inavuliwa usiku. Mashua zinatoka jioni na taa, zinarudi alfajiri, asubuhi omena inaanikwa kwa jua. Biashara nzima imejengwa juu ya yale masaa ambayo kafyu ilisema ulale. Kwa karatasi, anayesafirisha chakula alikuwa na ruhusa. Lakini mama anayerudi na beseni kichwani saa moja na nusu, barua ya ruhusa angetolewa na nani? Akikutana na karao, mjadala ungekuwa wa sheria ama ungekuwa wa kitu kidogo? Wewe sema.

Ama chukua msee wa mitumba Migori mjini. Soko lake si la chakula, kwa hivyo siku 30 alifungwa. Mwenye nyumba hakufungwa. Mkopo wa simu haukufungwa. Watoto hawakufunga kula.

Halafu kuna Probox. Kila mtu wa huku anajua gari inayoitwa Probox. Ukitoka Rodi Kopany kuelekea Homa Bay, ama Rongo kuelekea Migori, hiyo ndiyo matatu yako. Siku ya kawaida inabeba watu mpaka dereva anashare kiti chake, na wengine wako kwa buti na kuku. Serikali ilisema magari yabebe asilimia 60. Sawa. Lakini dereva akibeba nusu, fare ilipanda, na abiria wa kawaida hakuwa na hiyo doh ya ziada. Kwa hivyo wote wawili walikubaliana kimya kimya: jaza twende, tukiona kizuizi wengine washuke watembee, tutawachukua mbele.

Na hapa kuna kitu serikali haikukifikiria vizuri. Kafyu ya saa moja haikupunguza watu, iliwabana. Zamani wateja wa mboga na samaki walikuwa wanakuja kuanzia saa kumi mpaka saa mbili usiku, kidogo kidogo, mama anauza na koroboi. Wakati wa kafyu wote walikuja kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu. Stage ilikuwa hivyo hivyo. Saa kumi na mbili jioni watu walipigania gari kama ndiyo ya mwisho duniani. Tuliona hii Likoni tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza kabisa ya kafyu: watu wamebanana wakingoja feri wafike home, polisi wakawarushia teargas na kuwapiga kabla hata saa moja haijagonga. Unamwambia mtu akae mbali, halafu unampa dakika 90 za kufanya kazi ya masaa manne. Atakaa mbali na nani?

Jibu la tatu: "Hatuziki hivyo"

Turudi kwa jeneza.

Kwa Mjaluo, matanga si sherehe tu ya kula nyama na kucheza ngoma, ingawa tusidanganyane, hiyo iko pia. Matanga ndipo watu wa ukoo wanajuana. Ndipo madeni ya marehemu yanatajwa mbele ya mashahidi. Ndipo mjane anajua atasimama na nani. Mchango unachangwa, na bila watu hakuna mchango. Mtu akikaa Nairobi miaka 30, nyumbani kwao ni mahali atazikwa. Na hili si la Wajaluo pekee. Migori kuna Wakuria, kuna Wasuba, kuna Wakisii, na kila mmoja ana namna ya kuaga mtu wake.

Sasa mtu huyo aliambiwa masaa 72 na watu 50. Ndugu yako yuko Mombasa, dada yuko Gulf, na ukoo peke yake ni watu 200. Nani anachora hiyo orodha ya 50? Nani anaambiwa wewe baki?

Pia kuna kidonda cha zamani. Aprili 2020 kule Siaya, mtu alizikwa usiku na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, haraka haraka, na video ikazunguka nchi nzima. Watu wa ziwa waliona ile video na wakasema moyoni: mimi siwezi kuzikwa hivyo. Tangu siku hiyo wengine walificha dalili, walisema ni malaria, walikaa kejani mpaka hali ikawa mbaya. Hawakuogopa corona kama walivyoogopa kuzikwa bila jina. Heshima ikivunjwa kwa marehemu mmoja, walio hai elfu moja wanaacha kuskiza.

Na ng'ambo ya barabara je?

Migori ilikuwa na shida yake pia: Isebania. Vuka tu, uko Sirare, Tanzania. Mei 2020 Kenya ilifunga huo mpaka isipokuwa kwa mizigo, madereva wa malori wakaanza kupimwa. Upande wa pili, Tanzania iliacha kutoa hesabu ya wagonjwa mwisho wa Aprili mwaka huo, na kafyu ya corona hawakuwa nayo. Mwaka 2021 Rais Samia aliunda kamati na lugha ikabadilika, lakini jioni ikifika bado kijana wa Isebania alifukuzwa alale, na binamu yake ng'ambo aliendelea na soda yake. Njia za panya ziko. Ukiwa hapo katikati, ni ngumu kuamini kwamba kirusi kinajua kusoma ramani.

Kwani hawa watu hawajui magonjwa?

Hii ndiyo inaniuma. Watu wa Homa Bay hawahitaji mtu wa Nairobi awafundishe janga ni nini. Hapa wakati huo karibu mtu mzima 1 kati ya 5 alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI. Mwanzoni wengi walisema ni chira. Walizika, wakazika, wakazika. Kilichobadilisha mambo si rungu. Ni majirani, wahudumu wa afya wa kijijini wanaotembea mlango kwa mlango, watu wanaoishi na virusi waliosimama kanisani na kusema hadharani "mimi niko, na dawa inafanya kazi." Walieleweka kwa sababu walikuwa watu wa hapa, wanaoongea lugha ya hapa.

Corona ilikuja na nini? Ilikuja na karao. Mwaka 2020 kafyu haikuwa imemaliza wiki, mvulana wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa kwa balcony ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi, na Rais akaomba msamaha kwa nguvu iliyotumika. Ukifunza watu kwamba kanuni ya afya ni kukimbia polisi, watafunzika kukimbia polisi. Mita moja na nusu wataisahau karao akigeuka tu.

Na sisi vijana tusijifanye watakatifu. Sisi ndio tulipanda Probox iliyojaa. Sisi ndio tulijua disco matanga imehamia boma gani. Tulisema "mimi niko fiti, hainiwezi," halafu Jumapili tukaenda kumsalimia dani na kumkumbatia. Chanjo zilifika Machi 2021, dozi milioni moja na kidogo kwa nchi nzima, na India ilipozuia kuuza nje, ya pili ikawa hadithi. Kwa hivyo wakati huo, kinga ya dani ilikuwa wewe kukaa mbali naye. Hakukuwa na nyingine.

Serikali ingeweza kufanya vitu vidogo vyenye akili: ingesogeza kafyu mbele ili soko lipumue, ingemruhusu mwenye mitumba auze uwanja wa wazi, ingewapa wazee wa ukoo kazi ya kupanga mazishi kwa zamu badala ya kutuma lori la polisi. Na wakubwa wangekaa nyumbani, jameni, hata wiki mbili tu.

Lakini wakikataa, bado dani ni wako. Mpigie simu. Ukienda, simama mlangoni, vaa barakoa, mwachie unga na sabuni. Atateta kwamba umekuwa mzungu, hutaki hata kumshika mkono. Acha atete. Mtu anayeteta yuko hai.