Kuazimana Vitabu

Naviundu ni mtaa mmoja wa mji wa Lubumbashi, katika komini ya Annexe. Mtaa una jina moja na mto wake. Asubuhi watoto wa Naviundu huenda masomoni, mfuko begani, wengine wakitafuna kipande cha muhogo njiani. Katika mfuko wa mtoto mmoja mna daftari tatu, kalamu ya buluu, na rula iliyovunjika ncha. Katika mfuko wa mtoto mwingine mna vitu vile vile, na tena kitu kimoja zaidi: kitabu cha hadithi, kimefungwa katika kitambaa safi. Mtoto huyu wa pili hatembei ovyo. Wakati wa mapumziko haendi kucheza mpira. Hukaa karibu na ukuta akasoma, na mwenzake akimkaribia, hukifunga kitabu upesi.

Je, anafanya vibaya? Watu wengi watajibu bila kufikiri: ndiyo, ni mchoyo. Lakini yafaa kumsikiliza kwanza. Kitabu cha hadithi si kitu cha kuokota njiani. Baba yake alikinunua kwa fedha ambayo ingaliweza kununua unga wa bukari. Tena, labda mtoto huyo aliwahi kuazima kitabu kingine, nacho kilirudi bila jalada. Au hakikurudi hata leo. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi mtoto huyo ana sababu. Hata hivyo hesabu yake si sawa. Andazi moja likigawanywa kwa watoto wanne, kila mmoja hupata robo, wala hawashibi. Hadithi moja ikisomwa na watoto wanne, kila mmoja huipata nzima. Karatasi huchakaa, hilo ni kweli. Pembe hukunjika, na vidole vyenye mafuta huacha alama. Lakini mwenye kitabu hapotezi hata neno moja la hadithi aliyokwisha kuisoma, na zaidi ya hayo hupata kitu ambacho hawezi kukinunua dukani: mtu wa kuzungumza naye juu ya hadithi hiyo. Aliyesoma peke yake yuko kama mtu aliyeona mamba mtoni, akarudi nyumbani, akakuta hakuna mtu wa kumwambia.

Mji wenyewe wa Lubumbashi una mfano wake. Zamani, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, watu wengi walifanya kazi katika nyumba za Wazungu: walipika, walifua, walipiga pasi, walilea watoto. Watu waliwaita “maboi”, hata wale wenye mvi. Katika mwaka 1965, mmoja wao, André Yav, aliandika habari za mji huo jinsi wao walivyozijua. Hakuandika Kifaransa. Aliandika Kiswahili kile kile kinachosemwa Lubumbashi, sokoni na nyumbani. Kitabu chake kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini si orodha ya maneno: ni historia ya watu wa kazi, imesemwa na mtu wa kazi, kwa ajili ya wenzake.

Baadaye kitabu hicho kilimfikia mtaalamu mmoja, Mjerumani, jina lake Johannes Fabian, aliyekuwa amefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970. Alijua Kiswahili. Lakini maandishi ya Yav yalimsumbua, kwa sababu maneno yaliandikwa kama yalivyosikika, mengine yameshikana, mengine yamekatwa mahali pasipotazamiwa. Macho peke yake hayakutosha. Ndipo Kalundi Mango, mtu wa nchi hiyo, alipoyasoma kwa sauti. Aliposoma, maana ikafunguka, maana kila mtu wa Lubumbashi anaijua sauti hiyo. Kitabu kilichapishwa katika mwaka 1990, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Mtaalamu mwenye shahada kubwa alihitaji mtu wa kumsomea! Basi mtoto wa mwaka wa tatu asione haya kumwambia mkubwa wake: “Yaya, unisomee ukurasa huu.” Na yule yaya asimcheke.

Kuazima ni jambo moja. Kusifu ni jambo jingine, na watoto wengi hawajui kusifu. Mwalimu akiuliza: “Kitabu ulichosoma ni kizuri?” darasa zima hujibu: “Ndiyo, mwalimu, ni kizuri sana!” Jibu hilo halina kazi. Hata mtoto aliyesoma jalada tu anaweza kulitoa. Afadhali mtoto anayesema: “Mwanzo wake unachosha, nilisinzia mara mbili, lakini wanapoingia katika pango sikuweza kuacha.” Mtoto huyo ataaminiwa. Kesho akisema kitabu kingine ni kizuri, wenzake watapigania zamu.

Tena mtoto asilazimishwe kupenda. Wako wakubwa ambao hukasirika mtoto akisema kitabu walichompa hakikumpendeza. Huo si utovu wa adabu. Mtoto anayesema sombe haina chumvi hakumtukana mama yake. Ana ulimi, ndiyo maana alionja. Msomaji naye ana ulimi wake. Jambo moja tu adaiwe: aseme kwa nini. “Sikipendi” peke yake ni neno la mvivu, kama lile “kizuri sana”.

Kuna kosa jingine, nalo hufanywa na watoto wenye furaha nyingi. Huo ni ugonjwa wa kumaliza hadithi ya mwenzako kabla hajaifungua. Shaaban Robert, mwandishi mkubwa wa Tanganyika, aliyezaliwa mwaka 1909 akafa mwaka 1962, aliandika kitabu kinachoitwa Adili na Nduguze. Kilichapishwa mwaka 1952. Ndani yake yumo Adili, mtu mwema na mwenye haki, apendaye hata wanyama. Lakini kila usiku mtu huyo mwema huwachapa nyani wawili. Kwa nini? Nyani hao ni nani? Mtoto anayetaka kukisifu kitabu hicho na aishie hapo hapo. Akisema neno moja zaidi, amemnyang'anya mwenzake usiku mzima wa kushangaa. Na hapa pia siri ya nyani haitatolewa. Anayeitaka akitafute kitabu.

Lakini akitafute wapi? Hapa ndipo penye ugumu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha ya serikali, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Chiluba. Mtoto wa Lubumbashi huanza masomo kwa Kiswahili, kisha hupanda kwenye Kifaransa. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili huchapishwa zaidi Dar es Salaam na Nairobi. Huko Tanzania, tangu mwaka 1991, uko Mradi wa Vitabu vya Watoto, unaosaidia vitabu vya namna hiyo kuandikwa na kufika katika shule. Dar es Salaam si mahali pasipofikika. Malori yenye shaba ya Katanga hutoka kila siku, yanapita mpaka wa Kasumbalesa, yanavuka Zambia, yanashuka hadi bandari ya Dar es Salaam. Yakirudi, huleta mizigo ya kila namna. Sanduku moja la hadithi lisingezidisha uzito wa lori kama hilo. Wafanyabiashara wa mji wangeweza kulifikiria jambo hili.

Kitabu cha Dar es Salaam kikifika, mtoto atakuta maneno mageni. Ataona “ugali”, kumbe ni bukari. Ataona “kisamvu”, kumbe ni sombe. Hata kitu chenyewe anachokishika ataona kinaitwa kitabu, na nyumbani wanakiita buku. Hii si sababu ya kukitupa. Watoto wawili wakisoma pamoja, mmoja atalijua neno ambalo mwingine halijui, hasa ikiwa mmoja ana shangazi Kalemie au Moba. Na vitabu vya Kifaransa visidharauliwe. Mkubwa asome Le Petit Prince kwa Kifaransa, na mdogo wake asomewe Mwana Mdogo wa Mfalme, ambacho ni kitabu hicho hicho kwa Kiswahili, kilichotoka Dar es Salaam mwaka 2009. Jioni watabishana kama yule mbweha ni yule yule.

Sasa neno juu ya kabati. Tangu Septemba 2019, wazazi wa Kongo waliondolewa karo ya shule za msingi za serikali, na watoto wengi mno wakaingia. Madarasa yakajaa, benchi zikabanana. Mwalimu mwenye watoto wengi hivyo huogopa kugawa vitabu vichache alivyo navyo. Huvifungia kabatini, ufunguo mfukoni, na kusema: “Vikitoka vitaharibika.” Hofu yake inaeleweka, lakini haifai. Nchi ya Lubumbashi ni nchi ya vichuguu vikubwa, na mchwa hawaulizi ufunguo uko wapi. Kitabu kilichoharibiwa na wasomaji hamsini kimekufa kazini. Kitabu kilicholiwa na mchwa kabatini kimekufa bure.

Mwalimu atoe vitabu, na watoto wapewe kazi ya kuvilinda. Hilo si gumu. Jalada lifunikwe kwa karatasi ya mfuko wa sementi, ile ya ndani isiyo na vumbi. Mikono ioshwe. Kitabu kisisomwe karibu na mbabula yenye moto, wala kisiachwe nje katika miezi ya mvua. Iwekwe kaye moja yenye mistari: jina la kitabu, jina la mwazimaji, siku ya kutwaa, siku ya kurudisha. Na kuwe na safu ya mwisho, pana kuliko nyingine, ambamo kila mtoto anayerudisha huandika sentensi moja kwa mwenzake atakayefuata. Mwalimu asiisahihishe safu hiyo kwa kalamu nyekundu. Makosa ya herufi yabaki siku hiyo. Mtoto akijua kwamba sentensi yake itahesabiwa makosa, ataandika tena lile “kizuri sana”, na safu yote itakuwa haina faida.

Pamoja na hayo yote, vitabu vitapasuka. Mfano ni huu. Mvulana wa mwaka wa sita alimwazima kitabu msichana wa mwaka wa tano, jirani yake. Alimsifia hadithi yenyewe kwa siku tatu, mpaka msichana akakubali kuoga mikono yake kwa sabuni mbele yake. Siku ya nne msichana hakuja kucheza. Siku ya tano alipita njia nyingine, ile ndefu ya kuzunguka. Mvulana akadhani kitabu kimeuzwa. Akaanza kusema maneno mabaya kwa watoto wengine, na watoto wengine wakayaongeza. Kumbe mdogo wake msichana, ambaye bado anatambaa, alikuta kitabu juu ya mkeka, akapasua karatasi moja, kurasa mbili, akazitafuna.

Watu hubishana nani mwenye kosa hapa. Wengine husema ni msichana, kwa kuacha kitabu juu ya mkeka. Ndiyo, alikosa. Lakini kosa lake la mkeka ni dogo, ni la dakika moja. Kosa lake kubwa ni ile njia ya kuzunguka: alimficha mwenzake ukweli kwa siku mbili, akajifungia nje ya urafiki kwa ajili ya karatasi moja. Na mvulana? Yeye alipoteza karatasi; msichana alipotezewa jina lake jema. Karatasi inaweza kubandikwa. Maneno aliyoyatupa hayarudi mfukoni.

Mama wa msichana ndiye aliyekata shauri. Alimshika mkono bintiye, wakaenda mpaka nyumbani kwa mvulana, wakapiga hodi. Msichana akasema, macho chini: “Yaya, unisamehe. Mtoto amekula kurasa mbili.” Mvulana alikuwa ametayarisha maneno makali. Lakini baba yake alicheka aliposikia kitabu kimeliwa, na mvulana naye akashindwa kujizuia.

Basi wakakaa kizingitini. Mvulana alikuwa amekisoma kitabu hicho mara nyingi hata akaweza kuzisema zile kurasa mbili, karibu neno kwa neno. Alisema polepole, msichana akaandika juu ya karatasi ya daftari. Mahali mvulana aliposahau, walisimama, wakabishana, wakachagua maneno yanayofaa. Mama akakoroga unga wa muhogo katika maji ya moto ukawa gundi, wakaibandika karatasi mahali pake. Ilitokeza kidogo pembeni, maana daftari lilikuwa pana kuliko kitabu.

Kesho yake mvulana alizunguka uwanja mzima wa shule akiwaambia wale wale watoto kwamba alisema uongo. Wawili walimcheka. Mmoja akauliza kama anaweza kukiazima.

Kitabu kilizunguka mwaka ule wote. Msomaji wa saba alipokirudisha, aliandika katika safu ya mwisho ya kaye kwamba hadithi ni nzuri, lakini mahali palipomfurahisha zaidi ni zile kurasa mbili za kalamu ya buluu.