Siwa ya Pate Imo Lamu: Manfaa Yake Yawafikie Nani?

Haipiti miezi mingi siku hizi bila ya kusikia kwamba taifa fulani la Afrika linadai kurudishiwa mali ya wazee wake iliyomo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Sisi wa Pwani ya Kenya nasi tumo katika dai hilo. Ngadji, ngoma tukufu ya Wapokomo, ilichukuliwa na watawala wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa zaidi ya miaka 100 ikawekwa katika ghala la British Museum mjini London. Vigango vya ndugu zetu Wamijikenda ving'olewa mahali vilipopandwa kwa heshima ya marehemu, vikauzwa kwa wageni, hasa miaka ya 1970 na 1980. Viwili vya ukoo mmoja vilirudi kutoka Marekani mwaka 2007, na vingine vikafuata baadaye.

Dai hilo ni la haki, wala sina neno la kulipinga. Lakini liko swali ambalo huulizwa kwa nadra: kitu kikirudi, chamrudia nani? Ngadji ikishuka uwanja wa ndege wa Nairobi, je, imefika kwa Wapokomo wa Mto Tana, au imebadilisha ghala tu? Mwenye kutaka kulipima swali hili hana haja ya kwenda London. Mizani yake iko papa hapa kwetu, Lamu, katika chumba kimoja cha makumbusho. Nalisema hili baada ya kwenda huko na sahibu yangu, Mpate, kwa safari ya siku moja.

Safari ya Mtangawanda

Sahibu yangu huyu amepita miaka sabini. Alikuwa nahodha, sasa amestaafu bahari na analima tumbaku kidogo pale Pate, kati ya magofu ya mji wa wazee wake. Lamu ameingia mara zisizo na hesabu: kwa hospitali, kwa soko, kwa mambo ya serikali na kwa Maulidi. Lakini jumba la makumbusho alikuwa hajalitia mguu. Nilipomwuliza kwa nini, alicheka.

"Nikatazame nini, ndugu yangu? Vya kale mimi nalala navyo."

Na kweli alala navyo. Anayepita mashamba ya tumbaku ya Pate hukanyaga vigae vya sahani zilizoletwa kwa majahazi karne nyingi zilizopita, na kuta za nyumba za mawe zimesimama katikati ya majani. Huu ndio mji wa Wanabahani uliotawala sehemu kubwa ya pwani hii ya kaskazini, na ambao magofu yake yalimfanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir atunge Al-Inkishafi.

Tulitoka gati ya Mtangawanda asubuhi, maji yakiwa yamejaa, kwa nia ya kurudi na maji ya jioni. Boti ilisheheni. Alikuwamo mama aliyempeleka mtoto hospitali, walikuwamo vijana wawili waliofuata vitambulisho, na wengine wa sokoni. Niliwatazama nikaona jambo moja: Mpate akitaka chochote kikubwa, sharti avuke maji. Hata historia yake, kama tutakavyoona, sharti aivukie.

Kabla ya kuingia Mkanda tuliiona kwa mbali mitambo ya bandari mpya iliyo upande wa bara, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Sahibu yangu aliinyoshea kidole, akasema hapo ndipo walipokuwa wakivua zamani. Wasomaji watakumbuka kwamba Aprili 2018 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi ya bandari hiyo, ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Watu wengi walizishika zile fedha tu. Lakini hukumu ile ilisema pia kwamba haki ya utamaduni ya watu wa Lamu ilikuwa imevunjwa. Hilo ni neno zito. Maana yake ni kwamba utamaduni, mbele ya sheria, si pambo la kuwachezea wageni ngoma. Ni haki ya mtu kama ilivyo haki ya shamba lake. Neno hilo tuliweke akiba.

Mbele ya siwa

Jumba la Makumbusho ya Lamu liko ufukoni, limeelekea bahari. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya liwali wa Sultani wa Unguja, kisha likawa makao ya wakuu wa serikali ya kikoloni, na mwaka 1971 likafunguliwa kuwa makumbusho. Ndani mna vyombo vya bahari, mapambo ya harusi, viti vya enzi, na mna siwa mbili.

Siwa ya Lamu ni ya shaba. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, imenakshiwa, na urefu wake wapita mita mbili. Inaaminika kwamba zote mbili ni za karne ya 17 au mwanzo wa karne ya 18. Mtunzaji wa kwanza wa makumbusho haya, James de Vere Allen, aliziandikia makala maalumu mwaka 1976, kwa sababu vyombo vya mfano wake ni nadra katika Afrika nzima. Siwa haikuwa baragumu la kuchezewa. Ilipulizwa katika mambo makubwa ya wenye nchi, harusi na sherehe za wakuu, na kuwa nayo kulikuwa ni alama ya utawala.

Sahibu yangu alisimama mbele ya ile ya Pate kwa muda, mikono nyuma. Kisha akamwuliza kijana wa hapo tundu la kupulizia liko wapi.

"Liko ubavuni, ami, si mwishoni," kijana alimjibu kwa adabu, akamwonyesha.

Mzee akainama, akalitazama. "Nyanya yangu akinihadithia habari za siwa," alisema, "nami nikidhani ni ngano za kulalia watoto. Kumbe iko, na mimi miaka yote hii nimeipita gatini nikienda kununua kamba."

Tulipotoka tukakaa barazani na mzee mmoja wa Lamu wanayejuana naye. Utani ukaanza papo hapo, kwani Waamu na Wapate wana lao tangu vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19.

"Mlitushinda Shela," alisema sahibu yangu, "haikuwatosha, mkachukua na siwa!"

"Tukaichukua?" mwenziwe akajibu. "Tumewatunzia! Ingekaa kwenu, ingeliwa na mchwa."

Tulicheka sote. Huo ni utani, si historia. Hata hivyo, ukiutazama vizuri, ndani yake mna hoja zote mbili zinazopiganiwa leo kati ya Afrika na Ulaya: mmoja asema ni yetu, mwingine asema sisi ndio tulioitunza.

Mfano wa wakfu

Hoja ya utunzaji si ya kudharauliwa. Pembe ya ndovu hupasuka ikipigwa na joto na unyevu bila ya uangalizi. Wezi wa vitu vya kale wapo, na wanunuzi wao wana fedha. Kuichukua siwa leo na kuiweka katika nyumba yoyote ya Pate, bila ya mlinzi wala fundi, ni kuitafutia maangamizi. Walioilinda Lamu wametenda jambo la shukrani.

Lakini kulinda ni nusu ya kazi. Sisi Waislamu wa Pwani tuna mfano mwema katika jambo hili, nao ni wakfu. Sitoi fatwa; natoa mfano tu. Mtu akiliweka shamba lake la minazi wakfu kwa msikiti, shamba lile haliuzwi, halirithiwi, wala halitolewi zawadi. Mwili wake umefungwa. Lakini manfaa yake hayakufungwa: nazi huangushwa, huuzwa, na msikiti ukapata mafuta ya taa na mikeka. Msimamizi aliyeilinda minazi isiibwe hata mmoja, huku msikiti ukikaa gizani, hakutimiza wakfu.

Siwa ya Pate nayo iwekwe katika mizani hiyo. Mwili wake ubaki palipo na usalama, hilo twalikubali. Manfaa yake ni nini? Ni mtoto wa Pate kujua kwamba magofu anayochezea si mawe ya majini bali ni mji uliokuwa na dola. Ni mzee wa miaka sabini kutodhani kwamba nyanya yake alimhadithia ngano. Manfaa hayo ndiyo yanayopaswa kuvuka maji na kuwafikia wenyewe.

Yawezekanayo

Njia zipo, wala si za gharama ya kutisha. Kwanza, Katiba ya mwaka 2010 imeyataja makumbusho miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, huku majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki mikononi mwa serikali kuu. Kwa hiyo mtu asitwambie kwamba jambo hili ni la Nairobi peke yake. Chumba kimoja katika kisiwa cha Pate, chenye picha, maelezo ya Kiswahili na mlinzi mmoja, kimo katika uwezo wa kaunti. Siyu kuna ngome ya karne ya 19 iliyokwisha kutengenezwa. Na Siyu ndiyo iliyosifika kwa mafundi wa kunakili misahafu kwa mkono. Mahali pa kuanzia hapakosekani.

Pili, itengenezwe siwa ya mfano. Pembe za ndovu zimepigwa marufuku, na ni vyema, lakini mafundi wa nakshi wa Lamu wanaotoa milango isifikayo dunia nzima hawashindwi na gogo la mbao. Siwa ni chombo cha sauti. Siwa isiyosikika ni kama mimbari isiyopandwa na khatibu. Ile ya mfano na ipulizwe Pate siku za furaha, na ile ya asili ipumzike salama.

Tatu, watoto wa shule wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini wapelekwe Lamu angalau mara moja kabla ya kumaliza shule ya msingi, na wazee wao waalikwe waseme waliyoyasikia, yakaandikwa. Kibao cha makumbusho hueleza urefu wa siwa na umri wake. Nyimbo za harusi ambazo siwa ilizitangulia, na majina ya koo zilizokuwa na haki ya kuipuliza, yamo vifuani mwa watu, na vifua hivyo vinazidi kupungua.

Wako watakaosema kwamba kulizungumza hili ni kuwapa Waingereza hoja: "Tazameni, wao kwa wao hawajapatana!" Mimi naona kinyume chake. Anayedai amana kwa jirani wa mbali huulizwa aliifanyaje ile aliyokuwa nayo nyumbani. Kutoka Lamu hadi Pate si safari ya siku. Ni maji kujaa na maji kutoka. Tukiweza kuyavusha manfaa ya siwa katika mkondo huo mdogo, tutakuwa na jibu siku Ngadji itakaporudi na watu wakauliza iwekwe wapi na ni nani wa kuipiga. Tukishindwa, basi hata ngoma hiyo ikirudi, Wapokomo wataitazama kupitia kioo kipya, na tofauti itakuwa ni nauli tu.