Kitabu Kisichotahiniwa Hakina Kwao

Kwa miaka miwili nimekuwa nikiinama. Anayeijua Nairobi anaelewa: vitabu vya mtumba vimetandazwa kando ya barabara, unainama, unafukua, unapanguza vumbi. Ndiyo maana tunayaita maduka ya inama. Nimeinama Moi Avenue, nimeinama Tom Mboya, nikitafuta kitabu kimoja tu: The Language of the Night cha Ursula K. Le Guin, mkusanyiko wa insha kuhusu fantasia na bunilizi za kisayansi uliotoka Marekani mwaka 1979.

Kwa nini hicho? Kwa sababu nilikianza maktabani nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikafika katikati, karo ikaisha. Niliporudi baadaye, mlinzi tuliyekuwa tukisalimiana kila asubuhi alininyooshea mkono. "Kitambulisho?" Sikuwa nacho. Kitabu kilikuwa hatua hamsini hivi kutoka pale mlangoni. Nikaenda zangu nyumbani.

Sasa niambieni, mlango ule ulikuwa unalinda nini? Nikiwa na karo nilikuwa msomaji. Karo ilipoisha nikawa wa kushukiwa. Na bado kila nikinunua bando nalipa kodi, na vyuo vya umma vinakula kodi hiyo. Maktaba ya McMillan ilipofunguliwa hapa Nairobi mwaka 1931, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia, na ilibaki hivyo hadi karibu na Uhuru. Leo hatuulizwi rangi, tunaulizwa kadi. Sisemi mambo haya mawili ni sawa. Nasema tu kwamba tumezoea mno kuona mtu amesimama nje ya maktaba.

Kuagiza nje je? Nilijaribu. Nauli ya kitabu kikuukuu inashinda bei ya kitabu chenyewe. Na mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa makala, tena baada ya kukumbushia mara tatu.

Mwezi uliopita nilikipata. Kilikuwa na muhuri wa maktaba ya mji fulani Marekani: kilitolewa rafuni huko, kikasafiri hadi huku kwenye lundo la mtumba. Mzee muuzaji alitaka mia tatu, kisha akakigeuzageuza.

"Kijana, hiki kiko kwa silabasi?"

"Hapana, mzee."

"Basi lete mia mbili. Kimenikalia hapa tangu mvua ya mwaka jana."

Nikamuuliza kama amewahi kupata Nagona ya Kezilahabi. Akacheka. "Mara moja tu. Mwalimu wa chuo aliichukua kabla sijataja bei." Na Mzingile? Akatikisa kichwa.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Kitabu ambacho maktaba ya Marekani ilikitupa kimenifikia kwa mia mbili. Tena kwao kimechapwa upya mwaka 2024. Riwaya aliyoiandika kwa Kiswahili mtu wa Ukerewe, ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1990, siipati hata kwa elfu.

Katika insha mojawapo, Le Guin anauliza kwa nini Wamarekani wanaogopa majoka. Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba mtu anayepima kila kitu kwa faida huona fantasia ni mambo ya watoto. Sisi hatuogopi majoka, bana. Tumelelewa na zimwi na majini. Shaaban Robert aliiweka nchi nzima angani katika Kusadikika, na katika Adili na Nduguze akawageuza watu kuwa manyani. Anayesema fantasia ni ya Wazungu hajasoma, au amesahau alivyolazwa na nyanyake. Tunachoogopa sisi ni kitabu kisicho na mtihani. Kusadikika ipo madukani kwa sababu imepita madarasani vizazi kwa vizazi. Kitabu kisichoulizwa swali la alama ishirini kinaachwa kife.

Wachapishaji watasema vijana hawasomi. Kwani mimi niliyeinama miaka miwili ni nani? Watasema soko ni la shule, na kuchapa maelfu ya riwaya ngumu ni hasara. Hilo nawapa, ni kweli. Basi msichape maelfu. Chapeni hamsini kwa oda. Wekeni nakala ya kielektroniki tuilipie kwa M-Pesa. Kama hata hiyo ni kazi, warudishieni waandishi au warithi wao haki zao, wajichapie. Kukalia kitabu usichokiuza si biashara, ni choyo.

Na nyinyi wenye maktaba za vyuo, siombi kuazima. Shikeni kitambulisho changu cha taifa pale mlangoni, nitozeni mia ya siku, nikae nisome, nitoke mikono mitupu. Viti vitupu havisomi.

Kitabu changu nilikimaliza kwa siku tatu, kuanzia ukurasa uleule nilioachia. Sasa anacho rafiki yangu, naye aliacha chuo, na kuna wawili wanamngoja. Jumamosi narudi kuinama. Mzee amechukua namba yangu, ameahidi kunipigia Nagona ikitokea.